Usalama wa abiria: neno moja, mambo mawili

Mwaka jana nilipanda basi la kwenda Arua alfajiri, kutoka kituo kimoja hapa Kampala. Mlangoni alisimama kijana mwenye kifaa cha kupimia chuma. Akakipitisha kifuani pangu, kikalia. Akakipitisha kiunoni, kikalia tena. "Pita, mama," akaniambia, bila kuuliza kilicholia ni nini. Karani wa tiketi akaniandika kwenye daftari la shule, si kwa jina langu, bali "Mama Arua". Nilipofika kwenye kiti changu nikakuta mkanda umekatwa, kimebaki kichwa cha chuma kinachoning'inia ubavuni. Tulipoiacha Bombo nyuma, dereva akafungulia mwendo mpaka madirisha yakaanza kutetemeka.

Jirani yangu alikuwa mzee wa Panyimur anayefanya biashara ya samaki, na kama wengi wa West Nile, eneo letu la kaskazini-magharibi, Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Akanigeukia akasema kwa utulivu: "Siku hizi mabasi yana usalama. Wanatukagua."

Maneno hayo yamenikaa tangu siku ile, kwa sababu mzee alikuwa sahihi na alikuwa amekosea kwa neno lile lile. Kila ajali kubwa ikitokea, kila tishio la ugaidi likitangazwa, tunasikia redioni kwamba "usalama wa abiria umeimarishwa". Mmoja anaelewa kwamba polisi wameongezwa vituoni. Mwingine anaelewa kwamba breki zimekaguliwa. Wa tatu anafikiria simu yake isiibiwe pale Clock Tower, katikati ya jiji. Wote watatu wanapanda basi moja wakiwa wametulia, na kila mmoja ametulia kwa sababu ya kitu ambacho huenda hakikufanyika.

Basi tutenganishe. Katika makala hii nikisema usalama wa safari nina maana ya yote yanayohusu ajali: kuzifanya zisitokee, na zikitokea zisiue watu wengi. Nikisema ulinzi nina maana ya kumzuia mtu mwenye nia mbaya, awe mwizi wa simu, mnyang'anyi au mtu aliyebeba bomu. Fikiria nyumba. Komeo la mlango ni ulinzi. Ukuta usiobomoka mvua ikinyesha, na tabia ya kutolala na sigiri, yaani jiko la makaa, yenye moto ndani ya chumba kilichofungwa, huo ndio usalama wa nyumba. Komeo imara kiasi gani halikuokoi na moshi wa sigiri, na ukuta mzuri haumzuii mwizi uliyemwachia mlango wazi. Kazi ni mbili, zinahitaji vifaa tofauti na watu tofauti, na moja inaweza kufanywa vizuri huku nyingine imelala.

Niweke sawa pia majina ya magari, maana msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kupotea. Kwetu teksi ni lile gari la abiria 14, lenye mstari wa miraba ya buluu na nyeupe ubavuni, ambalo wenzetu wanaliita daladala au matatu. Gari dogo la kukodi sisi tunaliita speshali. Mabasi makubwa ya ndani ya jiji yamekuja na kuondoka: mwaka 2012 kampuni ya Pioneer Easy Bus ilileta mabasi 100 ya rangi ya machungwa, na wengi tulidhani enzi ya teksi inakwisha. Haikwisha. Hadi leo mtu wa kawaida wa Kampala anakwenda kazini kwa teksi au bodaboda, na basi kubwa analipanda anapokwenda mkoani. Kwa hiyo nitazungumzia yote mawili, teksi na basi, maana abiria ni yule yule.

Tuanze na ulinzi, kwa kuwa ndio unaoonekana.

Ukaguzi wa mlangoni una historia. Tarehe 11 Julai 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka katika klabu ya ragbi ya Kyadondo na katika mgahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, hapa Kampala, yakaua watu zaidi ya 70. Desemba ya mwaka huo huo kilipuzi kililipuka Nairobi, mahali abiria walipokuwa wakipanda basi la kuja Kampala. Kisha Oktoba 2021 kilipuzi kililipuka ndani ya basi lenyewe, pale Lungala, wilaya ya Mpigi, kwenye barabara ya Masaka. Aliyekufa ni yule aliyekuwa amekibeba. Abiria wengine walijeruhiwa. Wiki tatu baadaye, Novemba 16, milipuko ikatokea karibu na kituo kikuu cha polisi na karibu na Bunge. Tangu hapo mkoba unafunguliwa mlangoni, na jina linaandikwa. Hofu iliyoleta mambo haya ilikuwa ya kweli, na sitaki mtu anielewe vibaya kwamba ukaguzi ni upuuzi.

Lakini kifaa kile cha mkononi kinafanya nini hasa? Kinahisi chuma. Hakinusi baruti, hakisomi nia ya mtu. Kinalia kwa bakuli la chuma, kwa funguo, kwa sarafu, kwa kishikizo cha mshipi, kama kinavyolia kwa bastola. Thamani yake haiko katika mlio, iko katika kinachofuata baada ya mlio: swali, mkono unaofungua mfuko, macho yanayotazama. Kikilia na mtu akaambiwa "pita, mama", kilichofanyika ni ishara ya ukaguzi tu. Na mara nyingi mizigo inayokwenda chini ya basi au juu ya paa, mizigo isiyo na mwenyewe, ile ya "mpe kondakta, mtu wangu ataipokea Nebbi", haipitiwi na kifaa chochote. Mlinzi anayejua kazi yake angeuliza kwanza kuhusu huo mzigo kabla ya kuuliza kuhusu mkoba wangu wa mkononi.

Orodha ya majina ndiyo inayochanganya watu zaidi. Wengi wanadhani ni ya kumkamata gaidi, na kwa hiyo anayejijua hana hatia anaona anasumbuliwa bure. Orodha haimzuii mtu mbaya. Anaweza kutoa jina la uongo. Kazi yake kubwa inaanza baada ya msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Oktoba 2025, kwenye barabara ya Gulu, hii hii tunayopita kwenda Arua, pale Kitaleba wilayani Kiryandongo, mabasi mawili yaligongana, na magari mengine yakahusika. Mwanzoni polisi walitangaza vifo 63. Baadaye wakashusha idadi hadi 46, wakaeleza kwamba baadhi ya waliokutwa wamezimia huenda walihesabiwa pamoja na waliokufa. Fikiria familia iliyoishi katika nafasi hiyo kati ya 63 na 46. Saa kama hizo, daftari lenye majina kamili na namba za simu za ndugu ndilo linalomwambia daktari nani amelala kitandani bila fahamu, na ndilo linalomwambia mama wa Koboko kama aanze safari ya kwenda hospitali au ya kwenda chumba cha maiti. "Mama Arua" haimwambii mtu chochote. Kwenye basi letu tulikuwa kina mama Arua wanane, kwa kuhesabu haraka.

Ulinzi wa kila siku, lakini, si wa mabomu. Ni wa simu na pochi, na hapo adui hana sura ya adui.

Watu husema: panda teksi yenye abiria, usipande tupu. Kwa sehemu kubwa ni ushauri mzuri, lakini una tundu. Wezi wa teksi wa Kampala huja na abiria wao. Kuna dereva, kuna kondakta, kuna wanaume watatu na mara nyingi mwanamke mmoja aliyevaa kwa heshima ili wewe utulie. Wanakuchukua kando ya barabara, si ndani ya paki, yaani kituo kikuu cha teksi. Unaambiwa ukae mbele. Mara mlango wa mbele "haufungi vizuri, tusaidie kuushika", mikono yako yote miwili inakwenda mlangoni, na mkono wa jirani unakwenda mfukoni mwako. Baada ya mita mia chache wanakumbuka kwamba mbele kuna trafiki au kwamba wamebadilisha njia, wanakurudishia nauli yako kwa upole na kukushusha. Nauli umepata, simu huna. Huyo aliyekurudishia nauli ndiye aliyekufanya usishtuke mapema.

Kwa hiyo kinachokulinda si wingi wa watu. Ni mahali unapopandia. Ndani ya Old Taxi Park, New Taxi Park au kwenye steji inayojulikana, teksi ina zamu, dereva anafahamika kwa wenzake, na ukirudi kesho kulalamika kuna mtu wa kumuuliza. Barabarani hakuna. Angalia miraba ya buluu ubavuni. Isome namba ya gari kabla ya kuingia na umtumie mtu wa nyumbani. Ujumbe wa maneno mawili unatosha. Ukiombwa kushika mlango, shuka.

Aina ya pili ya wezi ni wa dirishani. Foleni ikisimama Kibuye, Katwe au Clock Tower, kijana anapita katikati ya magari kama muuza maji, mkono unaingia, simu imekwenda. Watu wanalaumu giza, lakini jambo hili linatokea hata mchana. Tatizo ni gari lililosimama, dirisha lililo wazi na simu iliyoinuliwa usawa wa uso. Ondoa kimoja kati ya hivyo vitatu, naye atatafuta gari jingine. Na zile kamera za barabarani zilizowekwa jijini tangu 2018 zinatazama barabara, haziingii ndani ya teksi. Zinaweza kusaidia kulifuatilia gari, na hapo tunarudi kwenye namba uliyoisoma au usiyoisoma.

Nisipite bila kusema la wanawake, maana likitajwa usalama wa abiria linasahauliwa mara nyingi. Kuvutwa mkono na wapiga debe wawili wanaokugombania kama gunia, kushikwa kiunoni "nikusaidie kupanda", paja la jirani linalosogea kila gari likipiga kona: haya yamezoeleka hadi yanaitwa hali ya paki. Ni shambulio, na sheria inayaona hivyo. Msichana wa miaka kumi na tano anayejifunza kwamba safari ya shule inaanza kwa kushikwashikwa na watu asiowajua amenyimwa usalama kabla gari halijawashwa. Abiria wengine wana nguvu hapa kuliko wanavyodhani. Mara nyingi sauti moja ya mama wa makamo kutoka kiti cha nyuma, "Muache mtoto wa watu!", inafanya kazi ambayo askari asiyekuwepo hawezi kuifanya. Polisi wanapatikana kwa 999 au 112 bila malipo, na kwa mtoto kuna namba 116, ambayo kwa bahati nzuri jina lake ni la Kiswahili: Sauti.

Sasa tugeukie upande ambao mzee wa Panyimur hakuuona.

Ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu watu 5,144 waliokufa barabarani Uganda. Gawanya kwa siku za mwaka: 14 kwa siku. Yaani teksi moja iliyojaa, kila siku, Jumapili na sikukuu bila kupumzika. Tuseme ukweli wote: sehemu kubwa ya hao si abiria wa mabasi, ni watu wa bodaboda na watembea kwa miguu. Hata hivyo wengi wao wanakutana na gari, na mara nyingi gari hilo linakwenda mbio. Ukiweka idadi hiyo karibu na ile ya mabomu ndani ya mabasi yetu, unaelewa kwa nini nasema tumekazia macho komeo huku sigiri inawaka chumbani.

Kwa nini mwendo unaua? Wengi wanadhani mwendo unaongeza hatari taratibu, kama kuongeza chumvi kidogo kidogo. Haiendi hivyo. Gari likigonga kitu kigumu likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, mwili wako unapokea kishindo sawa na cha kuanguka kutoka mita kumi hivi, kilele cha mti mkubwa wa fenesi. Kwenye kilomita 80, ni kuanguka kutoka mita 25, jengo la ghorofa nane. Kwenye kilomita 100 urefu huo si mara mbili ya ule wa 50, ni mara nne: mita karibu 40. Hakuna mtu ambaye angesimama ukingoni mwa paa la jengo kama hilo bila kushika kitu. Ndani ya basi tunakaa hapo na kusinzia.

Na breki zina hesabu yake. Kwenye kilomita 80 kwa saa basi linakula mita 22 kila sekunde. Dereva anaona ng'ombe, akili inaelewa, mguu unasogea. Kabla breki haijaanza kushika, mita zaidi ya 30 zimekwisha. Mpaka lisimame kabisa, barabara ikiwa kavu na breki zikiwa nzima, ni mita kama 80. Kwenye kilomita 120 ni kama mita 160. Ameongeza mwendo kwa nusu tu, umbali umekuwa mara mbili. Ndiyo maana madereva wazuri hawasifiwi kwa kukwepa. Wanasifiwa kwa kutofika mahali pa kukwepa. Katika kulipita gari jingine ni mbaya zaidi, kwa sababu magari mawili yanayokuja uso kwa uso, kila moja kwenye 100, yanapunguza nafasi kati yao kwa mita zaidi ya 50 kila sekunde. Ile nafasi uliyoiona ni kubwa wakati dereva anatoka kwenye mstari wake si nafasi itakayokuwepo sekunde tatu baadaye.

Hapa linaingia jambo la kidhibiti mwendo. Ni kifaa kinachofungwa kwenye gari ili lisivuke mwendo uliowekwa; kwa mabasi yetu ni kilomita 80 kwa saa. Watu wanasema: basi lina kidhibiti, haliwezi kukimbia. Kuwa nacho na kufanya kazi kwake ni mambo mawili. Kinafungwa na fundi, na fundi mwingine anaweza kukifungua usiku huo huo. Abiria hahitaji kuwa fundi ili ajue. Programu ya ramani ya simu inaweza kukuonyesha mwendo wa gari ulimo. Usipokuwa na intaneti, tumia saa: kwenye 80, kilomita moja inachukua sekunde 45. Ikichukua 30, mko kwenye 120, hata kama kioo cha mbele kimejaa stika za ukaguzi.

Lakini kumlaumu dereva peke yake ni kuishia njiani. Dereva wa teksi kwa kawaida si mwenye gari. Kila jioni kuna kiasi ambacho mwenye gari anakingojea, gari liwe limepata au halijapata. Mafuta ni ya dereva. Faini ni ya dereva. Kinachobaki baada ya hapo ndicho anachogawana na kondakta. Ina maana asubuhi nzima anaendesha kwa ajili ya mtu mwingine, na chakula cha watoto wake kinaanza kuhesabiwa alasiri, wakati amekwisha kuchoka na foleni inazidi. Kila dakika steji ni hasara, kila abiria wa kumi na tano ni faida tupu. Mfumo huu ukiuacha kama ulivyo, ukambadilisha dereva mkali ukaweka mpole, mpole naye baada ya mwezi atakuwa anapita kwenye ukingo wa barabara. Mwaka 2020, wakati wa korona, teksi zilipoamriwa kubeba watu 7 badala ya 14, tuliona wazi kwamba serikali ikitaka kuhesabu vichwa ndani ya gari inaweza. Nauli ilipanda, tukaumia, lakini gari lilikuwa na nafasi ya kupumua. Sidai turudi huko. Nasema kwamba ujazo wa gari ni jambo linalosimamiwa, si hali ya hewa.

Kwa basi la mkoani shinikizo lina sura nyingine: usingizi. Safari ya Arua ni kilomita karibu 500. Dereva aliyekuja usiku na kugeuza alfajiri anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, asiyekunywa hata tone, na bado macho yakafunga kwa sekunde mbili. Kwenye 100, sekunde mbili ni mita 55 za basi lisilo na dereva. Swali moja la kuuliza pale dirishani pa tiketi, kwa adabu, ni hili: kuna dereva wa pili? Ukijibiwa kwa hasira, umejibiwa.

Halafu mkanda. Kanuni za kufunga mkanda zipo tangu 2004, na bado nasikia hoja zile zile mbili. Ya kwanza: mkanda utaninasa gari likiwaka moto. Ajali nyingi haziwaki moto. Na hata ikiwaka, atakayeweza kutoka ni yule aliyebaki na fahamu na miguu mizima, na mkanda ndio unaomwachia fahamu. Hoja ya pili: mimi niko nyuma, kiti cha mbele yangu kitanizuia. Kiti cha mbele kitakuzuia kama ukuta unavyozuia mpira, na aliyekaa kwenye kiti hicho atakupokea mgongoni. Basi likibiringika, wasiofunga mkanda wanatupwa nje, na basi lile lile linaweza kuwaangukia.

Kuna tatizo la ndani zaidi katika teksi, na sijaona likizungumzwa inavyostahili. Nyingi za teksi zetu hazikuzaliwa za abiria. Zilitoka Japani zikiwa gari za mizigo, zikakatwa madirisha hapa, zikafungwa viti na mafundi wetu. Mafundi hao wana mikono ya ajabu, nawaheshimu. Ila kiti cha gari si benchi. Wakati wa kishindo, kiti kinavutwa na uzito wa mtu ukiwa umeongezeka mara nyingi, na kama kimechomelewa juu ya bati jembamba la sakafu, kinang'oka na watu wake. Hapo mkanda uliofungwa kwenye kiti unakuwa umefungwa kwenye kitu kinachoruka. Ndiyo maana ukaguzi wa gari hauwezi kuishia kwenye taa na honi. Ukiingia kwenye teksi, shika kiti ukitikise. Kikicheza kama jino la mtoto, gari hilo si lako.

Kuhusu kiti kipi ni salama, imani ni nyingi: nyuma ya dereva, kwa kuwa "dereva atajiokoa kwanza", upande wa kushoto, kiti cha mwisho. Dereva anayekwepa hafikirii viti, mikono yake inakwenda yenyewe. Kwa basi kubwa, katikati, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ndipo mshtuko unapopungua kwa kawaida. Lakini kiti chenye mkanda mzima popote kilipo kinashinda kiti cha katikati kisicho na mkanda.

Limebaki la bima, ambalo watu hulikumbuka wakiwa hospitali. Ile stika ya bima kwenye kioo cha mbele ni bima ya lazima, inayomhusu mtu aliyeumizwa na gari, akiwemo abiria aliyelipa nauli. Wengi wanaamini ni hadithi ya kumchukulia mwenye gari pesa tu. Si hadithi, ni haki yako. Wengine wanaamini itawalipa kila kitu. Hiyo nayo si kweli: sheria ya 1989 iliyoiweka ilitaja kikomo cha shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja, kiasi kilichokuwa na uzito wakati ule na ambacho leo kinaweza kwisha kwa siku chache za hospitali ya kulipia. Aliyepoteza mguu anaweza pia kumshtaki mwenye gari mahakamani kwa uzembe wa dereva wake, na hapo kikomo hicho hakimfungi hakimu. Kwa njia zote mbili utatakiwa ripoti ya polisi na karatasi za hospitali, na utatakiwa kuthibitisha kwamba ulikuwa ndani ya gari lile siku ile. Uthibitisho rahisi kuliko wote ni tiketi yenye jina lako. Tiketi ya "Mama Arua" inaweza kuwa ya mwanamke yeyote kutoka Karuma hadi mpaka wa Kongo.

Wakati wa kurudi nilifika kituoni Arua mapema. Karani alikuwa mwingine, daftari lilikuwa la aina ile ile. Akaandika "Mama Kampala" kabla sijafungua kinywa. Nikamwomba afute. Nikamtajia majina yangu yote mawili, herufi kwa herufi, na namba ya simu ya dada yangu. Akanitazama kidogo, akaona sitoki dirishani, akapiga mstari na kuandika upya, vizuri, kwa mwandiko mzuri kuliko nilivyotarajia. Mwanamume aliyekuwa nyuma yangu naye akataja majina yake mawili. Nyuma yake alikuwa bibi mmoja ambaye hakusema jina kwanza, alifungua fundo kwenye pembe ya kitenge chake, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne chenye namba ya mwanawe, akakiweka juu ya daftari na kusema, "Andika hii."